Mgonjwa Wangu Aliyekwisha Kuzikwa

Jiwe lililonipasua kipaji cha uso halikuwa limerushiwa mimi. Lilirushiwa maiti. Mimi nilikuwa nimesimama tu karibu na maiti huyo, nimemshika mkono, nikiwaomba watu wa boma lile kwa sauti ya upole niliyofundishwa chuoni kwamba tafadhali wamtazame vizuri. Sikumaliza sentensi. Nilisikia ngozi ikifunguka, joto likanishukia machoni, na wazo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, ni kwamba blauzi ile nilikuwa nimeinunua juzi tu.

Mimi ni kaunsela. Nafanya kazi Migori mjini, katika kliniki ndogo iliyojificha nyuma ya maduka ya mabati na saruji, ingawa kwetu ni Homa Bay, upande wa ziwa. Huletewa wanawake waliopigwa, vijana walioharibiwa na pombe ya chang'aa, wachimbaji waliofukuliwa wakiwa hai na tangu hapo usingizi ukawakimbia. Sina subira nyingi, na kwa kazi hii hilo si sifa. Mume wangu husema ningefaa zaidi kuwa refa.

Maiti niliyemtaja aliletwa kwangu na tabibu aliyemshona kichwa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mkono wa kushoto umefungwa plasta, jicho moja limevimba hadi likafunga. Tabibu alinivuta pembeni akaniambia kwamba yeye kazi yake ameimaliza, kilichobaki si cha sindano. Kijana alikuwa amepigwa mawe na watu wa kwao, si kwa wizi wala kwa mke wa mtu, bali kwa sababu walikwisha kumzika. Nilicheka kwanza. Tabibu hakucheka.

Ngoja nieleze, maana mtu asiyetoka kwetu atadhani natunga.

Kijana alikuwa akichimba dhahabu Osiri, katika shimo refu ambalo watu huingia mmoja nyuma ya mwingine wakiwa na tindo, nyundo na tochi ya kichwani. Asubuhi moja aligombana na mwenzake wa shimo. Alimshuku kwamba ameficha mawe mazuri ndani ya nguo. Maneno yakawa mikono, na kijana akashika nyundo akampiga nayo mwenzake kichwani, juu ya sikio. Yule alianguka, damu ikamtoka sikioni, hakusogea. Kijana aliamini ameua. Huko machimboni mtu aliyeua hapelekwi polisi kwanza. Polisi huja baadaye kuchukua kilichobaki. Basi alitupa nyundo, akakata mashamba mbio, akavuka mpaka, akaitupa laini ya simu na kuingia migodini upande wa Tanzania bila kumwambia mtu.

Alichokosa kukijua ni kwamba yule mwenzake alizinduka, akanawa uso, akafunga kichwa kwa kitambaa na kuingia shimoni. Alasiri ya siku hiyohiyo shimo likaporomoka. Walitolewa wachache, kisha udongo ukaendelea kushuka na waokoaji wakaogopa kuufuata. Waliobaki chini walihesabiwa kwa kukumbuka nani alionekana hapo asubuhi. Kijana alionekana. Mayowe ya ugomvi wake yalisikika na watu wengi.

Sisi Wajaluo hatumwachi mtu wetu bila kaburi. Mwili ukikosekana, uwe umemezwa na ziwa au na udongo, tunachukua tunda la mvungunya, lile refu zito ambalo tunaliita yago, tunalizika badala ya mwili na kulililia kama mtu. Nyumbani kwetu Homa Bay lipo kaburi la namna hiyo, la ndugu ya babu yangu aliyezama akivua. Nilikatazwa kulikalia na sikuwahi kuuliza kwa nini. Kwa hiyo mama yake kijana naye alizika yago. Alilivika shati ambalo mwanawe alikuwa akienda nalo kanisani, likafungwa blanketi, likateremshwa, na mama akaviringika mavumbini hadi wanawake wakamshika.

Misimu ya mvua ilipita. Huko Tanzania kijana akakutana na mchimbaji aliyetoka kwetu, akasikia habari ya shimo, na akaelewa kwamba mwenzake hakufa kwa nyundo yake. Alilia, kisha akafurahi, kisha akaona haya kwa kufurahi. Alinunua kitenge cha mama akarudi nyumbani. Aliingia bomani adhuhuri, jua la utosi, akamkuta mama yake akikoroga uji. Mama aliinua macho, akamrushia sufuria nzima na uji wake, akapiga yowe la jachien. Jachien ni mfu aliyerudi kulipiza kisasi. Vijana wa boma wakaja na mawe, na hakuna aliyemuuliza swali hata moja.

Katika kikao chetu cha kwanza nilimwangalia miguu. Chuoni nililala chumba kimoja na msichana wa Mombasa aliyenishika sikio kila jioni kwa hadithi za majini wenye kwato, na macho yangu yalishuka yenyewe kabla akili haijayazuia. Kijana alikuwa amevaa gambuti zilizokatwa zikawa ndara, na vidole vyake vilikuwa vya kawaida, vichafu kidogo.

Aliona nilipotazama. Hakukasirika. Aliniuliza, "Madam, unaniona?"

Nikamjibu kwamba namwona.

"Unaniona mimi, ama unaona tu kuna mtu?"

Nilikuwa na jibu la kitabuni, na nililitoa, na likaanguka sakafuni hapo kati yetu. Alikataa kuzungumza Kijaluo. Alisema kwa Kijaluo ameshaliliwa, hivyo tuzungumze Kiswahili, na alikizungumza vizuri kwa sababu ya kule Tanzania alikotoka. Alinieleza jinsi wauza nyanya wa sokoni walivyofunga vibanda walipomwona, jinsi kinyozi alivyoacha kichwa cha mteja nusu na kutoka mbio. Mwanzoni alicheka. Baadaye, alisema, mtu akikimbiwa na kila anayemfahamu, na yeye huanza kujitilia shaka. Alilala chumba cha kukodi Masara, karibu na machimbo, na alipoamka alikuwa akijiuma mkono. Alinionyesha. Alama za meno zilipanda toka kifundoni hadi kiwikoni, nyingine zimeoza.

Nilimfundisha kupumua. Nilimfundisha kutaja vitu anavyoviona chumbani, anavyovisikia, anavyovigusa. Alivitaja kwa utiifu, na jioni akaenda baa ya wachimbaji akamtukana mtu mkubwa kuliko wote mle ndani mpaka mtu yule akampiga. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Kila kikao alikuja na jeraha jipya, mdomo umepasuka, mbavu zimevilia damu, na kila alipokuja na jeraha alikuja mchangamfu. Aliniambia watu hawawezi kupiga hewa. Siku moja alimng'oa jino mwendesha bodaboda stejini, na wenzake wakamshukia na minyororo ya pikipiki. Siku nyingine, ofisini kwangu, tukizungumza tu juu ya mama yake, alisimama akapitisha ngumi kwenye kioo cha dirisha na kukaa chini kuitazama damu ikimchuruzika. Nilimfunga kwa leso yangu huku nikimfokea. Niliogopa, na nikiogopa mimi hufoka.

Kisha tabibu akanipa habari niliyokuwa naihofia. Vijana wa Masara walikuwa wamechoka naye. Walisema akianzisha tena, mtu ataleta tairi na mwingine ataleta petroli, na kama kweli ni jachien basi moto hautamdhuru. Najua watu wetu. Hilo halikuwa tisho la mdomo. Kijana huyu angechomwa barabarani, adhuhuri, mbele ya watoto wa shule, na kila mmoja angeenda zake nyumbani kula.

Ndipo nikatunga mpango wangu wa kisomi. Mtu akiogopa kitu, sisi humpeleka mbele ya kitu chenyewe polepole hadi hofu imwishe. Nikasema nitampeleka kijana kwao mchana kweupe, na naibu chifu awepo, watu wamguse, waone ana joto. Naibu chifu alikuwa mtu wa Kuria aliyepelekwa eneo lile, na hakuupenda mpango wangu hata kidogo. "Madam, hii maneno ni ya kwao," alisema. "Wewe na mimi tunaingia hapo aje?" Nikamwambia serikali huingia popote. Akavaa kofia yake akaja, nadhani ili aone nitakavyoaibika.

Polepole yenyewe haikuwepo. Jiwe lililonipata mimi lilikuwa la kwanza, na baada yake yakaja mengine mengi. Naibu chifu alipuliza filimbi hadi likampata la mkono, filimbi ikaruka. Kijana hakukimbia. Alisimama mlangoni mwa boma, mikono ameiacha wazi, akapiga kelele kwa Kijaluo, lugha aliyoikataa kwangu vikao vyote, akimwita mama yake. Mama alikuwa mlangoni mwa nyumba na hakutoka. Aliyetoka ni baba mdogo, ndugu ya marehemu baba yake, ameshika rungu. Alimpiga kijana begani. Kijana akalinyakua rungu lile akamrudishia, na nilisikia mfupa wa baba mdogo ukivunjika, sauti kavu, fupi. Kama nisingemrukia mgongoni, damu yangu ikimmwagikia shingoni, angempiga la pili kichwani, na leo ningekuwa nasimulia habari ya mahakama.

Tulitoroka kupitia shamba la miwa. Majani yalitukata nyuso. Kijana alikuwa akilia na kucheka pamoja, akisema baba mdogo amempiga, baba mdogo amempiga sawasawa.

Nilishonwa, nikafungwa bandeji, na wiki hiyo nikaenda Homa Bay kumwona msimamizi wangu. Sisi makaunsela huwa na mtu wa kutusikiliza, vinginevyo tungeanguka. Wangu ni mzee mkorofi aliyeacha useminari zamani, hupenda vikao vyetu vifanyikie kwenye hoteli ya samaki karibu na gati, na huzungumza huku akitoa miiba mdomoni. Nilimsimulia yote. Akauliza mama wa kijana alimwona mwanawe mara ya kwanza lini baada ya mazishi. Nikasema siku ile ya uji. Akauliza kama mama ndiye aliyeniambia hivyo. Nikakiri kwamba sikuwahi kuzungumza na mama.

"Kwa hiyo umekwenda kubishana na mzimu," alisema, "na hujamsikiliza mwenye kuuona."

Nilimwakia. Nilimwambia mimi si mganga, nina shahada mbili ukutani, na mtu huyu anapumua, ana mapigo ya moyo, nimemhesabia mwenyewe. Kama nitakaa na mama kuzungumza habari za jachien kana kwamba yupo, nitakuwa nimemzika kijana mara ya pili. Msimamizi alimaliza kichwa cha samaki kwanza. Kisha akasema hakuna aliyeniuliza kama mizimu ipo, na kwamba nikae mbali na swali hilo kwa sababu halinihusu. Nimuulize mama mzimu unamfanya nini, na unataka nini. Nililipa chai yangu nikaondoka bila kumuaga vizuri. Njia nzima ya kurudi, hadi Rongo na kuendelea, nilikuwa nikimjibu kichwani, na majibu yangu yote yalikuwa mazuri sana.

Nilikwenda kwa mama peke yangu. Nadhani bandeji ndiyo iliyonifungulia mlango. Alinikalisha, akanisogeza kwenye mwanga, akachungulia mshono wangu kwa vidole vyepesi. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia, na tangu hapo akaniita nyar Homa Bay, binti wa Homa Bay, kama wanawake wetu wanavyoitana. Aliomba radhi kwa jiwe. Hakuomba radhi kwa mawe mengine.

Nikamuuliza anachofanyiwa. Akanieleza kama mtu anayesimulia ugonjwa. Yule hakuja mara ya kwanza siku ya uji. Alianza kuja mara baada ya mazishi. Huja adhuhuri, wakati watu wako mashambani. Kwanza mama husikia kikohozi upande wa ghala la mahindi, kikohozi cha vumbi la mawe, cha wachimbaji. Kisha hupigwa. Hamwoni anayempiga, ila mkono anaujua. Akanigeuzia mgongo, akashusha nguo.

Nimewaona wanawake wengi waliopigwa kuliko ninavyopenda kukumbuka. Naijua alama ya kuanguka, naijua ya mtu aliyejikwaruza, naijua ya ngumi. Mgongo wa mama yule ulikuwa na alama za ngumi, nyingine zimeshakuwa za kijani, nyingine nyekundu za siku ile, katikati kabisa, mahali ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki. Aliishi peke yake. Hakuwa na mume tena, na jirani wa karibu alikuwa shemeji yake, yule baba mdogo mwenye bega lililovunjika. Nilitafuta maelezo. Nimeendelea kuyatafuta tangu siku hiyo, na nimewauliza madaktari wawili, na kila mmoja alinipa maelezo ambayo yangemtosha mtu asiyeuona mgongo wenyewe. Mimi nimelelewa katika kanisa la Sabato. Tumefundishwa kwamba aliyekufa amelala, hajui lolote, hampigi mtu. Nilitamani kuinuka na kukimbia.

Badala yake nikamuuliza huyo anayempiga anataka nini.

"Anataka nimtoe," alisema.

Nikauliza amtoe wapi. Ndipo akaanza kulia, na kilichomtoka sicho nilichotarajia. Alisema hakutaka kuzika. Shimo lilipoporomoka tumbo lake halikushtuka, na mama hushtuka tumbo. Aliwaambia wamsubiri. Baba mdogo na wazee wakamwambia anamtesa marehemu kwa kumnyima kaburi, kwamba atawaletea balaa nyumba nzima, na yeye akachoka kubishana, akalitoa lile shati kwa mkono wake mwenyewe. Udongo ulipokuwa ukirudishwa alijua anafanya kosa. Hakupiga kelele.

Hapo ndipo nilipomwelewa, na nilimwonea huruma hadi kifua kikauma. Kijana akiwa jachien, yeye ni mama aliyefiwa, kama wengine. Kijana akiwa hai, yeye ni mama aliyemzika mwanawe hai, tena akijua. Mimi nilikwenda pale na naibu chifu kumthibitishia jambo la pili mbele ya ukoo mzima, halafu nikashangaa kupigwa jiwe.

Kijana alipokuja kikao kilichofuata nilimuuliza swali lilelile, anataka nini. Sikumwambia mama alijibu nini. Alitazama kipande cha mbao nilichopigilia dirishani na kusema anataka atolewe mle. Hakusema Masara, wala hakusema taabuni. Alisema mle, akielekeza kidevu chini.

Sasa nilikuwa na watu wawili wasioonana wanaoomba kitu kimoja, na kitu chenyewe kilikuwa ndani ya ardhi. Hakuna somo nililofundishwa juu ya hilo. Nilikwenda kwa wazee wa ukoo, na nikagundua kwamba wao pia hawakufundishwa. Ipo desturi ya aliyepotea akafa. Ya aliyezikwa yago akarudi hakuna aliyeikumbuka, na walibishana siku nzima, wakitukanana, wawili nusura washikane mashati. Mmoja alitaka kijana aingie kwa kuvunja ua nyuma, kwa maana mlangoni alikwisha kutoka. Mwingine alitaka kondoo. Baba mdogo, mkono kifuani kwa kamba, alitaka afukuzwe arudi Tanzania, na akasema waziwazi kwamba akimwona tena atamkata. Walipatana kwa uchovu. Kaburi litafunguliwa, yago litatolewa na kukatwakatwa kwa mapanga mbele ya watu wote, kisha wanaume watafukuza kifo kwa ng'ombe na mikuki hadi mtoni, kama wafanyavyo katika matanga ya mwanamume yeyote. Kijana atasimama nje ya ua hadi kifo kiondoke. Walinitazama kuona kama nina la kusema. Nikasema naomba mama aulizwe. Hawakumuuliza.

Siku ilipofika watu walijaa tangu asubuhi. Ng'ombe walikuwa tayari, fahali wawili wakichimba udongo kwa kwato, na vijana wakiwa wamejipaka majivu wakiimba na kurusha marungu hewani. Mchungaji wa kanisa alisimama barabarani na Biblia yake, akisema amepita tu. Kijana alikuwa nje ya ua, mimi kando yake nimemshika kwapani, naibu chifu nyuma yetu. Tuliona kila kitu kupitia matawi. Majembe yaligonga haraka. Hawakulichimbia chini sana.

Lilitoka likiwa limefungwa bado. Blanketi lilikuwa limeoza pembeni, na shati ndani limekuwa jeusi. Tunda lenyewe lilikuwa limesinyaa, limepasuka, linanuka. Mtu wa kwanza aliinua panga.

Mama aliruka kaburini. Simwiti mzee, lakini hakuwa msichana, na aliruka kama aliyesukumwa. Alilikumbatia lile tunda kwa mikono yote miwili, akalilalia, uozo ukimpaka kifuani, na akasema wamkate yeye kwanza. Huyu ndiye aliyemlilia. Huyu ndiye aliyemvika. Wamempa mara moja na sasa wanataka kumnyang'anya, na yule aliye nje ya ua ni nani. Mmoja wa wajomba alimvuta mguu, mama akampiga teke la uso, akatoka damu puani. Baba mdogo akapaza sauti kwamba sasa mmeona, jachien amempanda mama. Vijana waliojipaka majivu walikwisha kuacha kuimba. Niliona nyuso zao zikigeuka kuelekea kwetu, kwenye ua, na nikajua tumefika mahali pale ambapo mtu mmoja tu akirusha jiwe kila kitu kitakwisha.

Mkono wangu ukabaki mtupu. Kijana alikuwa amepita katikati ya matawi, miiba ikimchana, na alikuwa akitembea kuelekea kaburini. Wakamwachia njia, si kwa heshima. Mtu aliyeinua panga alilidondosha akarudi nyuma, na kijana akalipita bila kuliokota. Akashuka ndani ya shimo akasimama mbele ya mama yake.

Mama aliliweka tunda chini. Akaokota jembe lililoachwa na wachimbaji wa kaburi, akalishika kwa mpini mfupi, na akampiga. Alimpiga kwa upande wa bapa, ubavuni, kwa nguvu zote alizonazo mwanamke aliyelima maisha yake yote. Kijana alipepesuka, hakuinua mkono. Akampiga tena, bega, tena, mkono ule ule uliokuwa umetoka kwenye plasta. Alikuwa akipiga na kuhesabu makosa, kwa nini hukutuma neno, kwa nini ulininyamazia, kwa nini ulikuja kunipiga mgongoni nami nilikuzaa. Nilipiga hatua kwenda kumzuia, naibu chifu akanishika kwa nguvu, na namshukuru. Pigo la mwisho lilimpata kijana tayani. Nilisikia meno yakigongana. Alipiga magoti, damu ikamjaa mdomoni ikamwagikia kifuani, na huyu mtu aliyetafuta kipigo Migori nzima, aliyekuja kwangu akicheka na mbavu zilizovilia damu, akaweka uso wake mikononi na kulia kwa sauti ya mtoto.

"Mama," alisema, "inauma."

Mama alikuwa ameinua jembe. Alibaki amelishika hewani. Akamtazama kichwani, akaitazama damu iliyomrukia yeye mwenyewe mkononi, akaipangusa kwa kidole gumba, akaona inateleza. Jembe likamtoka. Alichuchumaa pale ndani ya kaburi, akamshika kijana kidevu na kuuinua uso wake kwenye jua.

"Inauma wapi?" alimuuliza.

Akamwonyesha.